Mashua ya bei ya kutupa, na futi moja na nusu iliyopotea

Ukishuka Kibera mpaka Silanga, ukapita vibanda vya mwisho, ramani ya simu itakuambia uko ukingoni mwa maji. Macho yako yatakataa. Mbele yako ni kijani kitupu: magugu maji, nduma, miwa, na vijia vya watu wanaokata wakielekea Highrise. Hilo ndilo Bwawa la Nairobi. Lilijengwa mwaka wa 1953, likalishwa na Mto Motoine unaotoka upande wa Dagoretti, na hata siku zake nzuri wastani wa kina chake haukufika mita tatu. Wakati huo watu walikuwa wanaendesha mashua za matanga hapo. Si stori za kijiweni, klabu yenyewe ilikuwa pale ukingoni.

Babu ya mmoja wetu alikuwa anaosha hizo mashua Jumamosi. Msee wangu amelelewa na hiyo stori. Kwa hivyo siku chama chetu kilipofikisha 260,000, tukakaa kibanda cha chai Kawangware, karibu na steji ya 46, kuamua pesa ifanye kazi gani, wengine wakasema boda, wengine mashine ya kuosha magari, yeye akasema, "Tununue mashua."

Tulicheka mpaka mama wa chai akauliza kuna nini.

Lakini ukiwa na watu sita, watatu Kibera na watatu Kawangware, wote chini ya miaka thelathini na hakuna mwenye mshahara wa kueleweka, wazo la kipumbavu linaweza kuonekana la busara likirudiwa mara tatu. Mmoja wetu wa Kawangware anafanya kazi ya kuhudumia meza Kilifi. Yeye ndiye aliyesema kwa simu, tukiwa tumeweka sauti ya juu, kwamba wageni wanalipa kupelekwa matembezi ya jioni kwenye mkono wa bahari pale, na Desemba wenye vyombo hawapumui. Kicheko kikaisha. Kalamu ikatoka.

Wiki mbili baadaye picha sita ziliingia kwenye simu yangu. Mashua ya faiba, futi 22, imetengenezwa Uingereza, kuukuu kutuliko sote. Nyeupe, mstari wa samawati ubavuni, tanga limekunjwa vizuri kama shati la kanisa. Bei 350,000. Siku mbili baadaye ikawa 240,000, "kwa sababu nimewapenda nyinyi vijana." Tena, muuzaji akasema, hii si mashua ya kawaida. Chini imerekebishwa. Imepunguzwa ili isihitaji maji mengi, inaingia popote: Mida, mikoko yote, hata Mkanda kule Lamu, ule mlango kati ya Manda na bara ambao kwa miaka mingi majahazi yamekuwa yakingojea maji yajae ndipo yapite.

Mimi ndiye katibu wa chama. Nilipewa kwa sababu niliingia chuo, ingawa nilitoka mwaka wa pili bila hata karatasi ya kufungia maandazi. Mtu aliyeacha chuo ana ugonjwa mmoja: anataka sana kuonekana anajua. Muuzaji aliposema kuna mteja mwingine kutoka Diani, sikuuliza mtu. Nilituma elfu arobaini ya kushikilia, M-Pesa, saa nne usiku. Mweka hazina wetu aliona ujumbe asubuhi.

Dada huyu anatoka Makina na anauza mitumba Toi. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Umeipindua?"

Sikuelewa.

"Nguo ya mtumba huwezi kulipa kabla ya kuipindua ndani nje. Hiyo mashua umeona chini yake?"

Nilikuwa na picha sita. Hakuna hata moja iliyoonyesha chini.

Tukapanda treni ya usiku mimi na yeye, tukashuka Miritini, tukaingia matatu ya Kilifi. Njia nzima alikuwa kimya. Mimi nilikuwa nasoma kwenye simu kila nilichoweza kuhusu sehemu ya chini ya mashua. Kiswahili chake ni mkuku. Nimeongea Kiswahili tangu nizaliwe na sikuwahi kusikia hilo neno, maana Nairobi tuna maneno ishirini ya pesa na hatuna hata moja la sehemu ya chombo.

Mashua ilikuwa imepandishwa nchi kavu, imeegemezwa kwa magogo. Ana kwa ana ilikuwa nzuri kuliko picha. Nakubali moyo uliruka. Muuzaji alikuwa mchangamfu, soda zilikuwa baridi, na mimi tayari nilikuwa najiona nimesimama mbele na miwani ya jua. Mweka hazina aliweka soda chini bila kufungua, akainama, akaingia tumboni mwa ile mashua kama anayetafuta shilingi iliyoanguka.

Mkuku wa mashua za namna hii ni kama pezi la samaki lililogeuzwa, bapa, nzito, limeshuka chini katikati. Dada alipitisha kidole pembeni yake, halafu kwenye kingo ya chini. Akanusa kidole.

"Hapa rangi ni mpya," akasema. "Kule juu imechoka. Kwa nini mtu apake rangi mpya mahali hapaonekani?"

Muuzaji akasema ni matengenezo ya kawaida.

Akatoa futi ya kupimia nguo, ile ya kitambaa ya mafundi wa cherehani, akapima kutoka mwili wa mashua hadi mwisho wa mkuku. Kulikuwa na kitabu kidogo cha kiwandani ndani ya kabati la mashua, kimeliwa na unyevu, lakini mchoro ulisomeka. Kiwanda kilisema futi nne. Futi ya Toi ilisema mbili na nusu.

Hapo ndipo mwenzetu wa Kilifi alimleta mzee.

Mzee ni fundi wa vyombo, asili yake visiwa vya huko Lamu, amekaa Kilifi miaka mingi. Nilimwambia "Sasa mzee," kisha nikaona uso wa mwenzangu nikajirekebisha haraka, "Shikamoo mzee." Akaitikia marahaba kwa huruma, jinsi unavyomwitikia mtoto aliyetoka bara. Alizunguka mashua mara moja. Akagonga mkuku kwa ufunguo wa baiskeli, akaweka sikio. Akauliza swali moja tu.

"Risasi imekwenda wapi?"

Risasi anayosema si ya bunduki. Ni ile madini nzito ya kijivu inayowekwa kwenye mkuku ili chombo kiwe na uzito chini. Kwenye hii mashua, kwa mujibu wa mchoro, sehemu kubwa ya risasi ilikuwa mwisho kabisa. Yaani aliyekata, alikata pale penye uzito, akaziba, akapaka rangi. Risasi inauzika kwa kilo. Mzee alicheka kidogo akasema labda wavuvi walishaigawana zamani, sasa ni chubwi, inavuta nyavu chini huko Takaungu.

Nitakueleza alivyotueleza, kwa sababu hakuna aliyewahi kunieleza na nilikuwa tayari nimelipa.

Mkuku una kazi mbili. Ya kwanza ni uzito. Upepo ukisukuma tanga, mashua inalala upande. Kinachoirudisha ni uzito ulio chini kabisa, unaovuta kinyume. Na hapa umbali ni muhimu kama kilo zenyewe. Ukiwahi kusukuma mkokoteni unajua: mti mrefu wa kushikia unakupa nguvu ambayo mti mfupi hauna, ingawa mikono ni ile ile. Kilo mia zikiwa mita moja chini ya mahali mashua inapojizungushia zinavuta mara mbili ya kilo mia hizo hizo zikiwa nusu mita. Kwa hivyo ukikata mkuku kutoka mwisho umepoteza mara mbili, kilo zimeondoka, na zilizobaki ziko karibu sana kufanya kazi.

Niliporudi Kawangware nilijaribu hii kwenye karai la mama. Chupa ya soda ya nusu lita, mchanga robo, inasimama ndani ya maji wima hata uisukume. Mwaga mchanga, inalala. Mama aliniangalia akaniuliza kama hii ndiyo kazi ninayofanya siku hizi.

Kazi ya pili ya mkuku ni kuzuia kuteleza. Upepo ukitoka ubavuni, chombo kinataka kwenda kando kama kaa. Mkuku ni ukuta ndani ya maji, unakataa, na nguvu inageuka kuwa mwendo wa mbele. Bila ukuta huo huwezi kubisha, yaani kwenda kinyume na upepo kwa kukata kona kushoto na kulia. Utatoka vizuri jioni na wageni wako, upepo mgongoni, picha tamu. Kurudi ndiyo kazi.

Nikamuuliza mzee swali nililodhani ni la akili. Mbona majahazi ya Lamu hayana mkuku mrefu kwenda chini, na yanapita kwenye maji machache kila siku?

"Mwanangu," akasema, "jahazi halina mkuku mfupi. Lina mkuku mrefu. Umelala tu."

Akachora kwenye mchanga. Mkuku wa jahazi unatoka omo mpaka tezi, mbele mpaka nyuma, gogo moja refu. Ukuta wake umepatikana kwa urefu, si kwa kina. Na uzito wake hauko kwenye mkuku, uko tumboni: farumi, mawe au mifuko ya mchanga, na mabaharia wanaokaa upande wa joshi, kule upepo unakotoka. Ukitazama mashindano ya Lamu utawaona wakikaa nje kwenye ubao kabisa, miili yao ndiyo uzani. Chombo chote kimefikiriwa hivyo tangu mwanzo. Maji yakipwa kinakaa kwenye mchanga kwa tumbo, kinangoja. Ngalawa nayo ina akili yake, mwili mwembamba na mbao mbili zinazoelea pembeni.

Hata Wazungu wana mashua za maji machache. Kuna zenye mikuku miwili mifupi inayokaa kwenye matope kama miguu. Kuna zenye ubao unaoshushwa ukifika penye kina na kuinuliwa ukikaribia pwani. Kuna zilizofupishwa mkuku na fundi anayejua, halafu akaongeza donge la risasi chini kabisa ili kufidia. Hizo zote ni halali. Unaweza kununua mashua iliyorekebishwa mkuku na ukaishi miaka mingi. Swali ni kama kuna mtu alipiga hesabu, au kuna mtu alikuwa na msumeno.

Pwani yetu inakushawishi uchukue ya msumeno. Kati ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua kuna tofauti ya zaidi ya mita tatu. Asubuhi ni bahari, mchana ni uwanja wa mpira. Mtu akikuambia mashua yake inapita popote, unasikia pesa.

Usiku huo Kilifi sikulala. Nilisoma kuhusu mashua moja ya Uingereza yenye jina la kwetu, Cheeki Rafiki. Mei 2014 ilikuwa inarudi nyumbani kutoka Antigua, ng'ambo ya Atlantiki, ikiwa na mabaharia wanne. Mkuku wake ulichomoka katikati ya bahari. Mashua ilipatikana imepinduka, chini yake hakuna mkuku. Wale wanne hawakuonekana tena. Wachunguzi wa Uingereza walisema huenda kugonga chini mara kadhaa huko nyuma, na matengenezo yaliyofuata, vilikuwa vimedhoofisha pale mkuku unaposhikana na mwili. Hiyo ilikuwa mashua ya kisasa. Na ndani ya kibanda changu cha kulala nilikuwa nahesabu wageni ambao tungewapakia, na watoto wao, na wazazi wetu tuliopanga kuwaleta Desemba waone bahari kwa mara ya kwanza.

Kwa hivyo ukienda kuangalia mashua kuukuu, hasa ya faiba, mzee alitufundisha kuanzia chini kwenda juu, si kinyume. Angalia pale mkuku unapokutana na mwili. Ufa mwembamba kama unywele hapo ni habari mbaya, na michirizi ya kutu ni mbaya zaidi, maana ndani kuna boliti zinazoshika kila kitu na hazionekani. Ingia ndani, fungua sakafu, tafuta vichwa vya hizo boliti. Tikisa mkuku kwa mkono, ukicheza ondoka. Gonga faiba kwa kitu kidogo cha chuma sehemu mbalimbali, mlio mkavu ni mzuri, mlio wa boga si mzuri. Uliza aliyerekebisha ni nani, yuko wapi, alitumia mchoro gani, na uzito ulioondolewa ulirudishwa wapi. Kisha itiwe majini ukiwa hapo, watu wazima wawili wakae upande mmoja, uone inavyolala na inavyorudi. Na ukitaka kupakia wateja kuna KMA, wasimamizi wa vyombo vya majini, hawa watataka ukaguzi, leseni na jaketi za kuokolea. Boti yenye mkuku usio na maelezo utawaeleza nini?

Yetu haikufika majini. Boliti mbili ndani zilikuwa zimeoza mpaka mzee alimenya kutu kwa kucha.

Kurudisha pesa ndiyo sinema. Muuzaji alisema ile elfu arobaini ilikuwa ya "usumbufu." Mimi nilianza kupandisha sauti. Mweka hazina akanigusa mkono, akakaa chini kwenye gogo, akafungua ile soda ambayo sasa ilikuwa moto, akasema hana haraka, matatu ni nyingi. Alikaa saa tatu. Kila mtu aliyepita kuuliza bei ya mashua alimwonyesha ile futi yake. Saa kumi na moja jioni simu yake ikalia, elfu ishirini na tano imeingia.

Elfu kumi na tano imeenda. Kwenye kikao cha Kawangware sikungoja kuulizwa, nilisema nitailipa. Elfu moja kila mwezi, nimefika ya nne. Mwenzetu mmoja wa Kibera hakutaka maneno mengi, alichukua hisa yake akatoka. Sikumlaumu. Tumebaki watano na kanuni mpya iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu kwamba katibu hashiki simu ya chama baada ya saa mbili usiku.

Msee wa babu, nilidhani angekata tamaa. Alituambia tuandamane naye bwawani Jumapili. Tukasimama Silanga, akatuonyesha kwa kidole mahali ambapo babu alisema mashua zilikuwa zinafungwa. Kuna mtu amepanda sukuma wiki hapo. Mkulima alitukazia macho akidhani tunataka shamba lake. Maji yenyewe huoni, lakini ukitia fimbo kwenye magugu, fimbo inazama.

Mwezi uliopita mzee alipiga simu. Kuna mashua ya mbao, futi 18, ya jamaa yake ambaye macho yameisha. Mkuku mzima toka omo mpaka tezi, haujaguswa. Mbao mbili za ubavuni zinahitaji kubadilishwa na yote inataka kukalafatiwa upya. Anataka 120,000, na atatufundisha kubisha bure, ilmradi tuje kabla kusi haijakolea.

Mimi nilikaa kimya. Mweka hazina akachukua simu, akamwamkia, akamwomba jambo moja: waitie majini maji yakiwa yamejaa, waiache mpaka yapwe, na mtu akae ndani ahesabu ndoo anazofua.

Jibu lilikuja jana jioni nikiwa kwenye foleni ya 46. Ndoo tisa. Mzee anasema kwa chombo kikavu cha namna hiyo si mbaya, mbao zikinywa maji zitafura zibane. Dada anasema tisa ni nyingi, anataka waitie tena Jumamosi ahesabu mwenyewe. Tayari amekata tikiti ya treni.